Uzi wa Mkono wa Kushoto

Lavetipalem
Novemba 11, 1951

Babu,

Kabla ya salamu niache niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu najijua, nitasalimu mpaka karatasi iishe. Nasokota kwa mkono wa kushoto.

Basi. Nimeshasema. Sasa shikamoo.

Magoti yako yanaendeleaje na ngazi za huko wizarani? Sisi hatujambo. Nyati wetu amezaa, ndama jike, ana doa jeupe usoni kama aliyepakwa unga. Mama Mdogo amesindika achari ya majani machachu na mtungi mmoja ameufunga kwa kitambaa akasema ni wa Mheshimiwa, atakayeugusa atakiona. Mvua za mwezi uliopita zimeulaza mpunga wa upande wa mtoni. Shuleni nimekuwa wa pili kwa Kiingereza. Hesabu usiniulize.

Naandika kwa lugha yetu ya nyumbani. Barua tunazofundishwa shuleni zote zinaanza "nasikitika kukuarifu", na mimi sisikitiki kukuarifu, Babu. Naogopa.

Unakumbuka Bibi alipofariki, nikiwa na miaka kumi, uliniita chumba cha nyuma. Ukaniambia, "Kamu, kifundo changu cha mkono kimekuwa kizito. Nisokotee mpaka kipone. Tusimwambie mtu, watahangaika bure." Nilidhani ni kwa wiki mbili. Kila mwezi tangu siku ile nimesokota, nimefunga uzi fundo moja, nimebandika kikaratasi chenye jina lako, na Baba Mdogo Chinnarao amelipeleka ushirika wa wasokotaji akiamini ni lako. Ulipokuwa Delhi mkiandika katiba alisema umempa mengi ya akiba. Ulipofanywa waziri alisema unatuma kwa treni. Hakuna aliyewahi kuuliza Waziri wa Chakula anasokota saa ngapi.

Lakini wewe hukuwahi kuniona nikisokota, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Kula nimezoezwa kwa mkono wa kulia. Kuandika nimechapwa mpaka nikazoea wa kulia. Kwenye gurudumu la kusokotea tu ndipo Bibi aliniachia wa kushoto. Nilikuwa na miaka saba, mkono wa kulia ulikuwa unakata uzi kila saa, akaligeuza gurudumu likaangalia ukutani, akafunga mlango, akasema, "Haya, leta huo mwingine. Mama yako Mdogo asiuone tu, atatuogesha mkojo wa ng'ombe kututakasa, mimi na wewe." Uzi ukatoka mwembamba kama wake. Tukacheka mpaka akakohoa.

Sasa sikia kilichotokea Jumanne.

Lile shuka lako la kampeni limeshuka kutoka kitanda cha kufumia cha Mzee Appalaswamy mfumaji, lile lililofumwa kwa mafundo yako ya miaka yote, moja la kila mwezi, toka mwaka 1932 mpaka leo. Aliyapanga kwa tarehe za vikaratasi, kama alivyoagizwa. Wamelitandaza uani kwa ushirika, juani, watu wote wapo. Babu, shuka lina rangi mbili. Si rangi hasa, pamba ni ileile nyeupe. Lakini robo tatu linang'aa upande mmoja, halafu pana mstari, na robo ya mwisho linang'aa upande mwingine, kama maji yanayorudi nyuma.

Baba Mdogo akapiga magoti, akashika. "Appalaswamy, hii nini?"

"Nguo, bwana."

"Naona ni nguo, mimi si kipofu. Uzi wa baba yangu umeupeleka wapi?"

"Wote umo humo, bwana. Hata uzi mmoja haukubaki."

"Huu ni wa kiwandani!"

"Si wa kiwandani. Mkono wa msokotaji hubadilika, bwana."

"Mkono wa baba yangu haujabadilika tangu Waingereza wauvunje!"

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Muulizeni mkewe, ile sari mpya ya nani!" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Kumbe ndiyo maana sasa hivi anatembea kifua mbele, amevaa Waziri mzima!" Mzee Appalaswamy akainama akaanza kukunja shuka, wakamnyang'anya.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kisima na mkono wangu wa kushoto nyuma ya mgongo.

Uzi wangu umejikunja kinyume, Babu, ndiyo siri yenyewe. Ukiushika ncha mbili ukaulegeza, wa watu wote unajiviringisha huku, wangu kule. Kwenye fundo huoni. Kwenye nguo inaonekana. Sikujua. Mzee Appalaswamy wamemzuia asipewe uzi wa ushirika mpaka kamati ikae, na kitanda chake hakina kazi. Tafadhali mwandikie Baba Mdogo kwamba yule mzee hakuiba. Neno lako moja linatosha.

Mpaka nikaiposti, hii naificha ndani ya kitabu cha jiografia, kwenye ukurasa wa Brazili. Hakuna anayefungua huko.

Mjukuu wako,
Kameswari

*

Wizara ya Chakula
Madras, Novemba 29, 1951

Kwa Kameswari,

Nimepokea barua yako ya tarehe 11. Nafurahi kusikia wote wazima na kwamba unaendelea vema na masomo. Mpe Mama yako Mdogo shukrani kwa achari. Huku kazi ni nyingi. Meli mbili za mchele zimechelewa bandarini na wilaya tatu ziko katika mgao wa nusu. Mtu aliyewahi kulala gerezani na njaa hapati usingizi akiwa na dhamana ya matumbo ya watu wengine.

Kuhusu suala la nguo, nimearifiwa kuwa liko mbele ya kamati ya ushirika. Si vema waziri kuingilia shughuli za kamati iliyochaguliwa. Nina imani haki itatendeka.

Jitahidi katika hesabu.

D. Sarvesam Naidu
Waziri

Kamu, mama yangu, mistari hii naiandika mwenyewe kwa mkono, vumilia mwandiko. Barua zangu zote hufunguliwa na karani. Ni kijana mwema ila ana macho. Yako aliisoma akanipa bila kunitazama. Kuanzia sasa andika juu ya bahasha DAWA YA MAGOTI, hizo hazifungui, aliwahi kumwaga mafuta ya mnyonyo juu ya faili. Hilo la mkono sikulijua. Bibi yako alinificha na mimi pia. Tulia kwanza.

*

Lavetipalem
Desemba 9, 1951

Shikamoo Babu,

Barua yako ilifika jana, postamasta alikaa nayo siku tano kwa sababu ina muhuri wa serikali na alitaka aniletee mwenyewe akiwa amevaa kofia. Hapa wote wazima. Ndama anaitwa Mheshimiwa, jina ametoa Baba Mdogo, lakini Mama Mdogo amekataa kumkamua mama yake akiitwa hivyo. Mpunga umevunwa, nusu ya ule wa mwaka jana. Shangazi Parvati amekuja na watoto wote wanne na mmoja amemeza shanga. Imetoka.

Nimesoma sehemu ya mashine mara moja na sehemu ya mkono mara nyingi. Umesema nitulie. Nimetulia siku nzima. Leo nimekwenda kwa Mzee Appalaswamy.

Nilijifanya nimetumwa taya za samaki za kuchania pamba, zile zetu zimeng'oka meno. Kitanda chake kimefunikwa gunia. Ukipita mtaa wa wafumaji unasikia kila nyumba inagonga, ta-ka, ta-ka, ukifika kwake kimya, halafu inaendelea nyumba inayofuata. Mkewe, Bi Polamma, hakunikaribisha kukaa. Alisema, "Mjukuu wa Waziri akae wapi? Humu mna wezi tu."

"Nyamaza wewe," mzee akasema. "Mtoto amekuja kwa taya."

"Taya! Kwao wamekosa samaki?"

Yeye akanichagulia taya tatu, anazipima kwa kidole gumba jino baada ya jino. Nikakaa sakafuni. Nilitaka kusema, Babu, naapa, maneno yalikuwa yamepangwa kama wanafunzi asubuhi. Nikasema, "Mvua zimeisha."

Akasema, "Zimeisha." Halafu bila kuniangalia akasema, "Nimeshika uzi wako miaka mitano, mama. Mara ya kwanza nilidhani gurudumu la Mheshimiwa limefungwa vibaya. Mara ya pili nikajua. Mzee Sarvesam hana mkono wa kushoto wa namna hiyo. Ni mtoto, ana vidole vyembamba, na akiwa na huzuni anavuta sana."

Nilificha uso kwa gauni. Nikamwuliza mbona hakusema siku ile uani.

"Niseme nini mbele ya watu? Kwamba Mheshimiwa hasokoti?" Akacheka kidogo, hana meno ya mbele. "Mwaka wa chumvi, tulipokaidi kodi ya Waingereza, alipigwa virungu pale ufukweni, mimi nilikuwa nyuma yake. Nyuma, sikiliza vizuri. Kile cha kwanza kilikuwa kinakuja kichwani kwangu, akainua mkono. Sasa mimi niende nikauseme mkono ule?"

Bi Polamma akatupa sufuria chini. "Kwa hiyo tule mkono wake!"

Nikataka kuondoka. Mlangoni nikamwambia, "Angalau robo tatu ni za Babu mwenyewe." Akanipa taya na akaniambia, "Hizo robo tatu nazo nazijua ni za nani." Nikauliza za nani. Akasema nimsalimie Mama Mdogo.

Babu, ni za nani?

Kamati inakaa baada ya Krismasi ya Wazungu. Mwenyekiti wake ni Baba Mdogo, yuleyule aliyemshtaki. Naomba usiniambie tena kuhusu kamati.

Kamu

*

Madras
Desemba 23, 1951

Mama yangu,

Dawa imefika. Nimefunga mlango, nimemwambia karani nakandwa.

Usishangae mwandiko. Ukurasa huu umenichukua tangu chai ya asubuhi mpaka sasa. Daktari wa jela alinifunga mkono kwa ubao wa sanduku la sabuni, na mfupa ukaungana ulivyopenda wenyewe. Tangu mwaka 1930 mkono wa kulia unaweza kuinua glasi, kusalimu watu, kuweka sahihi. Uzi hauwezi. Uzi unataka vidole vinavyosikia.

Wewe hujui chama chetu cha kudai uhuru kilikuwaje wakati ule. Kila mwanachama alipe ada yake kwa uzi aliousokota mwenyewe. Kiongozi asiyesokota alikuwa kama imamu asiyesali. Nilipotoka gerezani mara ya kwanza nilitaka kusimama nikawaambia watu, jamani, mkono huu umekwisha. Bibi yako alikuwa ameshalitoa fundo. Jembamba, jeupe, lina kikaratasi, jina langu. Akasema, "Peleka. Wakikuuliza waambie umesokota. Mimi na wewe tumesokota." Nikapeleka. Watu wakalishika, wakasema tazama, amevunjwa mkono na bado anasokota namna hii. Mama, nilipaswa kusema siku ile. Siku ya pili ikawa ngumu zaidi, na mwaka wa pili jambo lilikuwa limeshakuwa historia.

Nilipofungwa mara ya tatu, mwaka 1942, wakaanza kuyaita mafundo yake uzi wa jela. Mimi jela nilikaa na gurudumu mbele yangu kama mtu anayekaa na mgonjwa. Wenzangu wa chumba walijua. Wengi wamekufa. Waliobaki ni mawaziri.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo. Katika shuka lile hakuna uzi wangu hata mmoja. Mstari ulioonekana juani ni mwezi aliokufa bibi yako Sanyasamma.

Nimekuambia ukweli, sasa nisikilize kama mtu mzima. Kura ni Januari, zimebaki wiki nne. Wanaogombea nami wana akili na wana njaa. Wakilipata hili hawatasema mke wake alimsaidia. Watasema kama uzi ni uongo, jela nayo ni uongo, virungu ni uongo, na mchele anaoahidi ni uongo. Nilifungwa kweli, Kamu. Miaka sita na miezi miwili. Nimewanyang'anya wenye maghala mchele kwa mikono hii hii mibovu. Bado kuna wilaya tatu kwenye nusu mgao, na anayetaka kiti changu ana maghala mawili.

Baada ya kura nitamwita Appalaswamy mwenyewe. Nitampa kazi, nitampa heshima, nitamweka kwenye kamati. Mwezi mmoja tu. Mtu aliyeninyamazia miaka yote hii hawezi kuninyamazia mwezi mmoja?

Choma karatasi hii.

Babu yako

*

Lavetipalem
Januari 3, 1952

Shikamoo Babu.

Wote wazima. Ile shanga imepata mwenyewe, ni ya Mama Mdogo. Tumeanza kuchora maua ya unga mlangoni kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, Sankranti, na Shangazi Parvati ametukosoa kila mstari. Barua yako sikuichoma. Ipo Brazili.

Nilikuwa nimekubali. Nataka ujue hilo. Niliisoma chooni mara tatu nikasema mwezi mmoja si kitu, Babu amelala jela miezi sabini na minne. Nikamwombea Mzee Appalaswamy. Nikapata hata usingizi.

Halafu kamati ikakaa. Nilikuwa napeleka chai. Katibu wa ushirika akasema tumtoe mzee kwenye orodha tumalize. Baba Mdogo akasema hapana, kuna jambo bora zaidi, na akasimama vile anavyosimama kila wewe usipokuwepo.

Mkutano wa kampeni utakuwa siku ya Bhogi, mkesha wa Sankranti, Januari 13, asubuhi, kwenye uwanja wa ushirika, watu wakiwa wameshakusanyika kwa ajili ya moto wa kuchoma vikuukuu. Shuka litakatwa pale kwenye mstari. Robo tatu safi utajifunga wewe, jukwaani. Robo ya mwisho itatupwa motoni kama tulivyokuwa tukichoma nguo za Waingereza. "Na atakayeitupa," akasema, "ni Appalaswamy kwa mkono wake, halafu aombe radhi, halafu tunamsamehe. Watu wanapenda msamaha." Wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Asipotupa?" Baba Mdogo akasema, "Asipotupa tujue na yeye ni kikuukuu."

Bado sijamaliza. Kabla ya moto patasomwa maisha yako. Kuzaliwa kwako, shule uliyoacha ya sheria, chumvi, jela tatu, katiba, uwaziri, na uzi. Ukurasa mmoja kwa lugha yetu na mmoja kwa Kiingereza, kwa sababu atakuwepo mtu wa gazeti. Wamemchagua msomaji anayezijua zote mbili. Baba Mdogo ameniwekea mkono begani akasema, "Kamu wetu haongei, lakini akisoma utadhani redio."

Babu, nikiulizwa darasani huwa nanyamaza hata jibu nikiwa nalijua. Ungekuwa unanijua vizuri ungejua kwamba kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Mwezi mzima ningeweza. Lakini hiki si kunyamaza. Wanataka nisome kwa sauti kwamba uzi ule ni wako, kisha nimtazame mzee aliyekuwa nyuma ya mkono wako anautupa wangu motoni na kuomba radhi.

Nilikwenda kumwambia Mzee Appalaswamy akatae. Akasema, "Nitatupa, mama. Nguo ni nguo." Akaomba tu asikate yeye pale kwenye mstari, akasema mkono wake hauwezi kukata kazi yake, wakate wao. Bi Polamma hakutukana safari hii. Alikuwa anafunga vyombo kwenye gunia. Wanahamia kwa binti yao, mbali huko Kharagpur, baada ya sherehe.

Hutaweza kumwita baada ya kura. Hatakuwepo.

Niandikie upesi. Niambie nisome nini.

Kamu

*

SIMU YA UPEPO
MADRAS, JANUARI 9, 1952

DAWA IMEFIKA. NAKUJA KWA TRENI YA TAREHE KUMI NA MBILI. USISOME WALA USISEME KITU MPAKA NIFIKE. BABU

*

Babu,

Barua hii haina stempu wala dawa ya magoti, maana wewe uko barazani na mimi niko chumba cha nyuma, kati yetu kuna ua na watu kama arobaini wenye mashada. Tangu treni ilipofika mchana nimekusubiri uje. Hujaja. Nilikuletea maji ukanishika kichwa, ukasema "umerefuka", kisha mtu aliyekuleta kwa gari kutoka stesheni akakuvuta pembeni. Nimeitazama simu yako siku tatu na bado sijui ilikuwa inaniambia nini. Usisome mpaka nifike. Na ukishafika?

Nawasikia kutoka hapa. Baba Mdogo anacheka kwa sauti ya wageni. Mtu anauliza kuni za Bhogi zimetosha. Mwingine anajibu, "Leteni na kiti cha katibu, kimeoza." Sasa hivi Baba Mdogo amekuuliza, nimesikia wazi kabisa, "Baba, kesho moto utauwasha wewe au tumpe Appalaswamy auwashe kabisa?"

Umesema, "Nipeni maji kwanza."

Nilikupa maji muda si mrefu, Babu. Glasi ilikuwa imejaa.

Kwa hiyo nimeacha kusubiri. Nimeligeuza gurudumu. Miaka yote lilikuwa linatazama ukutani, sasa linatazama mlangoni, na mlango sijaufunga. Kesho nitalibeba. Nikipanda jukwaani nikashindwa kufungua mdomo, na unajua nitashindwa, nitakaa chini nisokote kwa mkono huu mbele yao, mpaka mtu mmoja aelewe. Wafumaji wataelewa. Lakini nimejaribu pia kuandika maneno, ukurasa wa kwanza kwa lugha yetu. Nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, yamekuwa makubwa na mabaya kama ya mtoto wa darasa la kwanza, lakini yanasomeka. Haya hapa:

"Ndugu zangu. Robo ya mwisho ya shuka hili niliisokota mimi, Kameswari, kwa mkono wa kushoto. Robo tatu za kwanza alizisokota bibi yangu Sanyasamma, mpaka mwezi aliokufa. Fundi Appalaswamy alifuma alichopewa wala hakuiba hata uzi mmoja. Alijua uzi si wa babu yangu na alinyamaza kwa sababu ya kirungu kilichokuwa kinakuja kichwani kwake. Mkono wa babu yangu ulivunjika siku ile na haukusokota tena. Miaka sita na miezi miwili ya jela alifungwa mwenyewe, hakuna aliyefungwa kwa niaba yake. Mkimchagua mchagueni kwa hiyo, na kwa mchele. Shuka msilikate."

Ya Kiingereza sijaandika. Mtu wa gazeti atatafsiriwa.

Kuna mtu ametoka barazani. Anavuka ua. Mama Mdogo anamwambia, "Huko kuna giza na vumbi, Baba, nikuletee nini?" Ndara za Baba Mdogo zinapiga pa-pa-pa, hizi hazipigi. Hizi zinakwenda hatua, halafu fimbo, halafu hatua. Zimesimama kwenye ngazi. Magoti. Zimepanda.

Kitabu cha jiografia kiko hapa karibu na goti langu, kimefunguka Brazili penyewe. Mkono umeshakwenda kukishika, kwa mazoea tu. Nimeurudisha.

Ukurasa uko juu ya gurudumu, wazi, umekuelekea wewe. Nimeacha nafasi chini ya jina langu, ya lako. Wino haujakauka, angalia usijipake.

Kameswari

*Umesahau tarehe, mama. Weka: Januari 12. Watu wajue tuliandika kabla ya kura.*

*D. Sarvesam*